Na salfa hadi Lubumbashi, na jenerali ndani ya begi

Siku ya 1. Kurasini hadi Mikumi

Shemeji haiamini geji. Ana fimbo ya mwanzi aliyoichonga alama kwa kisu, na kila tukisimama zaidi ya nusu saa anafungua tangi, anaichovya, anaimulika kwa tochi ya simu, kisha anaandika kwenye daftari la shule lenye picha ya twiga. Leo, kabla hatujatoka yadi ya Kurasini, ameipima mara mbili. Mlinzi alikuwa anatazama pembeni kwa namna ambayo hata mimi sikuipenda.

Tumebeba salfa, mifuko mikubwa meupe, kwa ajili ya migodi ya Katanga. Mimi nimeandikishwa kama utingo, ingawa nina miaka hamsini na mbili na nimefundisha historia sekondari kwa miaka ishirini na minne. Juni shule zimefungwa, dada yangu akasema mumewe anakwenda Lubumbashi, nikasema nami naenda. Ndani ya begi nina mashati matatu, sweta ambalo shemeji alilicheka (tutaona Mpika), na kitabu kikuukuu nilichokinunua kwa wauza vitabu vya mitumba: kumbukumbu za Carl von Horn, jenerali wa Uswidi, zilizochapishwa 1966. Yeye ndiye aliyekuwa kamanda wa kwanza wa jeshi la Umoja wa Mataifa nchini Kongo. Nimewahi kumtaja darasani kwa sentensi moja tu, ile iliyoko kwenye muhtasari, na sentensi hiyo ilikuwa inanikera.

Tulipofika Chalinze nikamweleza shemeji kwamba Waswidi na Kongo hawakuanza 1960. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa na maofisa wengi wa Kiswidi katika ile Dola Huru ya Kongo yake, na mmoja wao, Luteni Edvard Gleerup, alikatiza Afrika mwaka 1886 akatokea Bagamoyo.

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Na mzigo alibeba nani?"

Miaka ishirini na minne ya kufundisha, na sikumbuki mwanafunzi aliyewahi kuniuliza hivyo.

Siku ya 2. Mikumi hadi Makambako

Kitonga tumeipanda polepole kiasi kwamba muuza vitunguu alitembea sambamba na dirisha letu, akapunguza bei mara tatu, akapata wateja.

Nimesoma sehemu ya Yerusalemu. Von Horn alifika pale 1958 kuongoza UNTSO, chombo cha waangalizi wa kusitisha mapigano kati ya Israeli na majirani zake. Waangalizi hao hawakuwa na silaha. Ofisi ilikuwa kwenye jumba la zamani la gavana wa Kiingereza, juu ya kilima, kati ya majeshi mawili. Kiti chenyewe kilikuwa na damu ya Mswidi mwenzake: Folke Bernadotte, mpatanishi wa Umoja wa Mataifa, aliuawa kwa risasi Yerusalemu tarehe 17 Septemba 1948. Na huyu mpya hata hajakaa sawasawa, Mei 26, 1958, mlenga shabaha akamuua Luteni Kanali George Flint wa Kanada pale mlima Scopus, akiwa katika kazi ya kuamua nani amevuka mstari.

Huo mlima ndio uliomkalisha shemeji wima. Ulikuwa kisiwa cha Israeli ndani ya upande wa Jordan, chuo kikuu na hospitali vikiwa vimefungwa humo na askari polisi wachache. Kila wiki mbili msafara wa magari ulipandisha watu na mahitaji chini ya macho ya Umoja wa Mataifa, na kila safari ilikuwa na ugomvi wake juu ya kilichobebwa. Mwaka 1952 pipa moja la mafuta lilikutwa na vipande vya silaha ndani.

"Ah, hiyo naijua," shemeji akasema. "Si silaha, lakini naijua."

Sikuuliza zaidi. Nilikuwa abiria wake.

Siku ya 3 na ya 4. Tunduma

Foleni. Nimehesabu malori mia moja na kumi na saba mbele yetu, nikaacha. Wakala wetu amepotea na karatasi zetu; simu yake inaita tu. Madereva wametandika mkeka chini ya tela wanacheza karata, na mama mmoja anapita na ndoo ya uji wa ulezi. Muda wa kusoma ninao.

Basi niiandike Kongo hapa hapa Tunduma, maana ndiyo kiini.

Uhuru ulikuwa Juni 30, 1960. Tarehe 5 Julai askari wa Force Publique, jeshi lililoachwa na wakoloni, wakaasi, na kuna sababu ambayo wanafunzi huikumbuka kuliko zote: Jenerali Janssens, Mbelgiji aliyekuwa mkuu wao, aliwaandikia ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru. Tarehe 10 majeshi ya Ubelgiji yakaingia kati bila kuombwa na serikali. Tarehe 11 Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, akatangaza limejitenga. Tarehe 12 Rais Kasavubu na Waziri Mkuu Lumumba wakatuma simu New York kuomba msaada wa kijeshi. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 143, na Watunisia wa kwanza wakatua Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 15. Siku nne tu zilikuwa zimepita tangu Tshombe atoe tangazo lake! Shemeji alisema sisi tumekaa hapa siku mbili kwa ajili ya muhuri.

Von Horn alikuwa Yerusalemu. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu, Mswidi mwenzake, akamchagua kuwa kamanda, naye akafika Léopoldville tarehe 18 na maofisa wachache tu aliowatoa kwenye kikosi chake cha waangalizi. Alikuwa na miaka 57. Kazi ya maisha yake hadi hapo ilikuwa jeshi la nchi ambayo haikuwa imepigana vita tangu 1814, kisha miaka miwili ya kuamua magomvi ya mipaka. Sasa alikabidhiwa nchi yenye ukubwa wa mara mbili na nusu ya Tanzania. Kabla Julai haijaisha alikuwa na askari zaidi ya 11,000 kutoka nchi nane, kila kikosi kikiwa kimekuja na bunduki zake, chakula chake na lugha yake, na baadhi wakiwa wametua kabla hata yeye hajafika. Ungeambiwa uendeshe kampuni ya malori ambayo madereva wameshaondoka, hujui wameelekea wapi, na mafuta yako kwenye meli.

Mfano huo ni wa shemeji. Mimi nilikuwa nimeanza kueleza habari za mamlaka ya kisheria, akanikatiza.

Lakini mamlaka nayo yalikuwa tatizo kweli. Askari waliruhusiwa kutumia silaha kwa kujilinda tu. Jenerali Henry Alexander, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Ghana, alikuwa ameshaanza kuwanyang'anya silaha askari wa Kongo mjini Léopoldville. Ralph Bunche, mjumbe wa Hammarskjöld, hakukubali jambo hilo liendelee kwa nguvu. Katikati ya hao wawili akatua kamanda mpya. Juu yake raia wa New York, pembeni yake majenerali wenye serikali zao zinazowapigia simu moja kwa moja. Katika kitabu ana maneno makali kwa karibu kila mtu, na Wakongo anawatazama kutoka juu, kiasi kwamba kuna kurasa nilizozigeuza kwa hasira. Hata hivyo anapofika kwenye habari za magari mabovu na redio zisizoelewana, namwamini. Mtu hatungi uchungu wa aina hiyo.

Wakala ametokea saa kumi na mbili jioni ya siku ya pili akiwa amevaa shati jipya.

Siku ya 5. Nakonde hadi Mpika

Barabara ndefu, miti, malori yaliyolala ubavu. Sweta limevaliwa. Na shemeji, kwa usiku wa leo.

Wakati wa chakula alinisimulia habari za kaka yake, aliyekwenda Darfur na kikosi cha JWTZ. Watu walidhani angerudi na hadithi za mapigano. Alirudi na hadithi za maji: boza linategemewa lini, nani amesaini, kwa nini limegeuzwa njiani.

Nami nikamsimulia Niemba. Ni kijiji cha upande wa Kalemie, ng'ambo ya Kigoma. Tarehe 8 Novemba 1960, von Horn bado kamanda, doria ya Waayalandi kumi na mmoja ilikuta barabara imefungwa. Wakajitokeza wapiganaji wa Kiluba wenye pinde na mishale, watu ambao walikuwa wakipigana na askari wa Tshombe na hawakuwa na namna ya kujua kwamba wazungu hawa ni wazungu wengine. Luteni Kevin Gleeson akasogea mbele, akainua mkono, akatoa neno moja la Kiswahili alilokuwa nalo: jambo. Alijibiwa kwa mshale. Waayalandi tisa walikufa, wawili wakapona.

Shemeji alikaa kimya, kisha akasema: "Angeanza na shikamoo, huenda."

Alisema kwa utani, lakini hakucheka.

Siku ya 6. Mpika hadi Kapiri Mposhi

Hakuna cha kuandika. Pancha mbili. Mwanzi unaonyesha tumepungukiwa kidole kimoja kuliko hesabu. Shemeji anashuku Nakonde.

Siku ya 7. Ndola

Nilimwomba shemeji saa tatu, akanipa mbili. Nikachukua teksi hadi pale ndege ilipoanguka, nje kidogo ya barabara iendayo Kitwe, kwenye msitu wa misonobari na miombo.

Ni mahali padogo kuliko jina lake. Rundo la mawe, majani yaliyokatwa vizuri, chumba cha makumbusho chenye picha. Nilikuwa peke yangu na kijana aliyekuwa anafagia majani makavu kwa ufagio wa njukuti, akiyavuta kwa duara kuelekea katikati, bila haraka, huku redio yake ndogo ikiongea Kibemba.

Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, miaka kumi na mitatu kamili tangu kifo cha Bernadotte, ndege aina ya DC-6 iitwayo Albertina ilikuwa inamleta Hammarskjöld kukutana na Tshombe hapa Ndola. Mapigano yalikuwa yameanza Elisabethville, Lubumbashi ya leo, siku nne kabla, kati ya askari wa Umoja wa Mataifa na wale wa Katanga. Ili kukwepa ndege ya kivita ya Katanga walizunguka mbali upande wa mashariki. Kiwanja walikiona, wakakipita juu, wakageuka ili watue, wakaanguka msituni. Abiria na wahudumu jumla walikuwa kumi na sita, na marubani walikuwa Waswidi. Mmoja tu, mlinzi Harold Julien, alitolewa hai, naye akafa baada ya siku chache. Mabaki yalipatikana rasmi mchana wa tarehe 18, ilhali kiwanja kilikuwa kilomita chache tu kutoka hapo.

Waliokuwa karibu zaidi usiku ule walikuwa wachoma mkaa. Walisimulia walichokiona angani, wengine wakasema waliona ndege ya pili au mwanga. Tume ya serikali ya kikoloni ya Rhodesia haikuupa uzito ushahidi wao. Ilipita zaidi ya miaka hamsini ndipo Umoja wa Mataifa ukaurudia upya, na aliyepewa kazi hiyo tangu 2015 ni Mtanzania: Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu wetu. Ripoti zake zimeona ni jambo linalowezekana kwamba shambulio au tishio la nje lilichangia, na zimerudia kuzitaka nchi kadhaa zifungue nyaraka zao. Nilipomwambia kijana wa ufagio kwamba natoka kwa jaji huyo, aliacha kufagia akanipa mkono. Jina alilijua.

Na jenerali wetu usiku huo alikuwa wapi? Yerusalemu tena. Aliondoka Kongo mwishoni mwa 1960, miezi mitano tu, mgonjwa wa nafsi kama si wa mwili, nafasi yake akachukua Seán MacEoin wa Ayalandi. Katika miezi hiyo mitano alishuhudia Kasavubu akimfukuza Lumumba, Septemba 5, na Mobutu, mnadhimu mkuu wa jeshi la Kongo, akiwasukuma wote pembeni siku tisa baadaye, wakati askari wa Umoja wa Mataifa wakilinda viwanja vya ndege. Nilikuja Ndola nikitaka kumlaumu kwa kuondoka. Nimesimama pale nikashindwa kuamua mtu wa pili angefanya nini.

Shemeji alikuwa anapiga honi nilipofika. Nilichelewa dakika arobaini.

Siku ya 8 na ya 9. Kasumbalesa

Mpaka wa kuingia Kongo. Foleni hii inaifanya ya Tunduma ionekane kama foleni ya mkate. Vumbi jekundu, malori ya shaba yanatoka, ya salfa na mafuta yanaingia, watoto wanauza maji chini ya matela. Kuna malipo yenye risiti na kuna malipo ya aina nyingine.

Nimemaliza kitabu hapa, nacho kinaishia Yemen. Juni 1963 Baraza la Usalama liliunda ujumbe wa kuangalia kama Saudi Arabia imeacha kuwasaidia wafuasi wa Imamu aliyepinduliwa na kama Misri inaondoa askari wake wanaoilinda jamhuri. Von Horn akapewa uongozi. Eneo la kuangalia lilikuwa kilomita 20 kila upande wa mpaka, milima na jangwa lisilo na barabara. Watu wake walikuwa chini ya 200: Wayugoslavia kiasi cha 114 wa doria, marubani na mafundi wa Kanada, na wachache wa makao. Misafara ya ngamia ilipita usiku. Gharama zililipwa na Saudi Arabia na Misri wenyewe, yaani wale waliokuwa wanachunguzwa, kwa miezi miwili miwili. Alidai ndege, chakula, watu. Agosti akaandika barua ya kujiuzulu. U Thant, Katibu Mkuu aliyemfuata Hammarskjöld, akaikubali. Ujumbe ulihangaika hadi Septemba 1964 ukafungwa, vita vikaendelea.

Nilimsomea shemeji orodha ya madai yake nikiitafsiri papo hapo. Nilitegemea amwonee huruma.

"Mara ya kwanza walimpa gari bila mafuta," alisema. "Sawa, hakujua. Mara ya pili?" Akaelekeza mwanzi wake kwangu kama fimbo ya ualimu. "Mtu akishakwama Kongo, akienda Yemen anapima tangi kabla ya kuwasha."

Nimelifikiria usiku kucha kwenye kabini. Sidhani ana haki yote. Jeshi lina amri, dereva anaweza kugoma. Lakini barua ile ya kujiuzulu ingeweza kuandikwa Juni badala ya Agosti, na hilo kitabu hakiligusi.

Siku ya 10. Lubumbashi

Tumeingia saa mbili asubuhi. Kushusha mzigo hakujaanza kwa sababu winchi iko kwenye yadi nyingine. Shemeji amelala. Mlinzi wa yadi ni mzee wa miaka sabini hivi, kofia ya sufu, kiti cha plastiki kilichofungwa kwa waya mguu mmoja. Nilimsalimia kwa Kiswahili changu cha Morogoro akanicheka kwa upole, tukala wote bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu.

Nilimuuliza kama anakumbuka wakati wa Umoja wa Mataifa. Waswidi wa kwanza walitua mjini hapa Agosti 12, 1960, ndani ya msafara wa Hammarskjöld mwenyewe, baada ya wenyeji kutishia kwamba ni ndege yake peke yake itakayoruhusiwa kutua. Walikuwa wametolewa Gaza. Mwaka uliofuata ndio walioilinda kambi ya wakimbizi wa Kiluba pembeni mwa mji huu, watu zaidi ya 30,000 waliowakimbia askari wa Tshombe, na Desemba 1961 wakapigana hadi kuiteka kambi ya kijeshi ya Massart. Hayo ni ya kwangu, ya kitabuni. Yeye alikuwa mtoto ndani ya kambi ile ya wakimbizi.

"Ba ONU," alisema, yaani watu wa Umoja wa Mataifa. "Balikuwa barefu, beupe, banaungua na jua. Shiye batoto tulikuwa napanga mulongo ya maziwa. Ya unga. Banachanganya mu fûti."

Alionyesha kwa mikono ukubwa wa pipa. Sauti zao alizikumbuka? Alizikumbuka. Hawakujua Kiswahili wala Kifaransa. Mmoja alikuwa anapita kwenye mstari akimgusa kila mtoto kichwani na kuhesabu kwa lugha yao. Mzee akaweka tonge chini, akanyoosha kidole, akagusa hewa mara tatu, mahali ambapo vichwa vya watoto vingekuwa.

"Et, tvo, tre."

Akarudi kwenye tonge lake. Nilimuuliza nne waliiitaje. Akasema hakuisikia hata siku moja. Kikombe kilikuwa kimoja kwa watoto watatu.